Ruhusa ya Kitanda cha Kwanza

Maiti ya fundi cherehani ilikuwa imelala kitanda cha pili, ndani ya chumba cha uangalizi maalumu, mdomo wazi kidogo kama mtu aliyepitiwa na usingizi katikati ya maneno. Pampu ya dripu kando yake ilikuwa bado inapiga kelele. Bomba la dawa ya maumivu, lililopaswa kumfikisha hadi kesho yake, lilikuwa tupu.

"Izimeni hiyo kelele," alisema Inspekta.

"Tusizime kitu, Afande," Koplo alimkumbusha. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

Inspekta akavuta shingo ndani, akavumilia. Kituoni wenzake walimwita Kobe, kwa mwendo wake na kwa shingo hiyo. Jina hilo halikumchukiza. Alizoea kusema kwamba mwenda pole hajikwai, na Koplo wake, binti wa miguu myepesi na ulimi mwepesi zaidi, alizoea kumjibu kwamba hata asiyekwenda popote hajikwai.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili tu. Kitanda cha kwanza alilala mzee mmoja, mwashi wa zamani, ambaye saratani ilikuwa imemwingia kwenye mifupa. Alikuwa amefumba macho, anaguna kila anapovuta pumzi. Kila kitanda kilikuwa na pampu yake, na kutoka kila pampu waya mweusi ulikwenda hadi kwenye kompyuta moja iliyokaa juu ya meza ya manesi.

Daktari mchunguzi wa maiti hakuchukua muda kutoa jibu lake. Dawa yote iliingia mwilini kwa mkupuo. Mtu aliyekuwa amepona upasuaji wa tumbo, aliyeahidiwa ruhusa ya kwenda nyumbani mwisho wa wiki, alilala na hakuamka. Pampu haikuharibika. Ilikuwa imeamriwa kumwaga, ikamwaga.

Kwa hiyo palikuwa na mtu aliyeamuru. Jioni hiyo hiyo Sista wa zamu aliwekwa mahabusu.

Sista alikuwa mama wa mtoto mchanga. Mama yake mzazi alimleta mtoto kituoni anyonye, na Kobe alilazimika kusubiri nje ya chumba chake mwenyewe cha mahojiano, akisikiliza mtoto anavyokoroma kwa shibe ndani. Hati ya mashtaka ilikuwa inaandaliwa, na kosa ni mauaji. Jumatatu Sista angesimama mahakamani, na kosa hilo halina dhamana. Mtoto yule angeachishwa ziwa na polisi, na Kobe alijua ni polisi gani.

"Uligusa pampu ya fundi?" alimuuliza.

"Asubuhi. Nilimwekea dawa mpya."

"Na alasiri?"

"Hapana."

"Alama za vidole ni zako peke yako."

"Ndiyo kazi yangu, Afande. Ulitaka ukute za nani?"

"Nasikia mligombana."

"Aliniambia gauni langu la kazi limeshonwa na adui yangu. Nikamwambia akipona anishonee jingine. Huo nao ni ugomvi?"

Koplo aliinamisha uso asicheke. Kobe hakucheka.

"Kompyuta inasema amri imetoka kundi la manesi. Nesi wa zamu ulikuwa wewe."

"Kompyuta ile ilikuwa inachanganya vitanda," alisema Sista. "Tangu umeme ulipokatika asubuhi ukarudi. Mzee anasomeka kama fundi, fundi anasomeka kama mzee. Nikaenda kuwatazama kwa macho yangu, nikaona kila mtu yuko sawa na dawa yake. Nikaendelea na kazi. Sisi amri tunabonyeza pale pale kwenye pampu, kompyuta hatuigusi ila kusoma."

Koplo aliandika maneno hayo huku akiguna. Kila mtuhumiwa ana mashine yake ya kuisingizia. Mfa maji haachi kutapatapa, alisema walipotoka, na Kobe hakuwa na la kumpinga. Alichokuwa nacho ni uzito tu kifuani, na uzito haupelekwi mahakamani.

Asubuhi yake walimtembelea mtaalamu wa kompyuta wa hospitali. Ofisi yake ilikuwa kichumba nyuma ya stoo, kimejaa nyaya na feni zinazonung'unika. Manesi walimpa jina la Bwana Ruhusa, kwa sababu mtu hakuweza hata kuchapa karatasi bila kuambiwa aombe ruhusa kwanza. Alikuwa kijana mpole, macho mekundu ya kukosa usingizi. Kobe alijua kwa nini, hospitali nzima ilijua. Mzee wa kitanda cha kwanza alikuwa baba yake. Kila jioni baada ya kazi mtoto huyo alimwosha baba yake, akamlisha na kumgeuza ubavu.

Kobe alimwomba amweleze kama anavyomweleza mtu asiyejua hata kuwasha redio, na Koplo akathibitisha kwamba ndivyo hali ilivyo.

"Ndani ya mfumo endeshi, ule unaoiendesha kompyuta, kila kitu ni faili, Afande," alisema kijana. "Barua ni faili, picha ni faili. Pampu nayo ni faili."

"Pampu ile ya chuma?"

"Ile ile. Ukisoma faili lake, inakwambia inafanya nini. Ukiandika ndani yake, inakutii. Sasa mtu hawezi kuacha mafaili ya namna hiyo wazi kwa kila mpita njia. Nimetunga sera. Madaktari na manesi wote wasome. Waandike manesi wa zamu peke yao. Mhasibu asijue hata kama kuna pampu."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye mkuu wa mfumo, na nimejifungia nje. Kwa kawaida mkuu hazuiwi na mlango wowote. Kwenye vifaa vya wagonjwa nilikataa. Nikasema hata mimi nisiandike."

Alipokuwa akieleza hayo macho yake yaliamka. Kobe alimpenda. Ni watu wachache wanaojenga nyumba wakajinyima ufunguo.

"Kwa hiyo, siku ile, nani angeweza kuandika kwenye pampu?"

Kijana alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha.

"Sera inasema manesi tu."

Kobe aliandika: manesi tu. Kamba ya Sista ikawa imekazwa na mtu mpole mwenye miwani safi.

Mkubwa wake kituoni aliridhika kabisa. Mganga mkuu wa hospitali aliridhika zaidi. Nesi mmoja mbaya ni aibu ndogo kuliko mashine mbaya. Watu wote walikuwa wameridhika isipokuwa Kobe, naye hakuwa na hoja ya kuwaharibia furaha yao.

Alijaribu njia ya zamani: nani alimchukia marehemu. Walizunguka mtaa mzima wa fundi cherehani. Wateja walimlalamikia kwa kuchelewesha nguo, na ni fundi gani asiyechelewesha. Jirani aliyegombana naye kuhusu maji machafu alilia kuliko ndugu wa damu. Mjane aliwakaribisha kwenye kiduka, cherehani imefunikwa shuka, suruali ya mtu ikining'inia nusu imeshonwa.

"Mume wangu alimkosea nani, baba?" alimuuliza Kobe.

"Bado tunatafuta, mama."

"Mkimpata niambieni. Nataka nijue alimfanya nini."

Kobe aliahidi. Alipotoka nje alijuta kuahidi, kwa sababu alikuwa amebakiwa na Ijumaa na mwisho wa wiki, na mkononi hana kitu.

Ijumaa alikwenda kumwona shahidi pekee ambaye hakuna aliyejisumbua kumhoji. Mzee mwashi alikuwa amehamishiwa chumba kingine, na pampu nyingine, kwa kuwa chumba cha zamani kilifungwa kwa utepe wa polisi. Dawa ilikuwa inampunguzia makali tu. Mikono yake mikubwa ya kazi ilikuwa juu ya shuka, imeishiwa nyama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea ruhusa?"

"Ruhusa gani, mzee?"

"Nimeiomba siku nyingi. Kijana wangu aliniahidi. Akasema siku ile alasiri."

Nesi aliyekuwa pale alimnong'oneza Kobe kwamba mzee ndivyo anavyosema kila siku, anataka kuruhusiwa arudi nyumbani, na nyumbani hakuna wa kumwangalia mchana. Kobe aliitikia kwa kichwa. Alimuuliza mzee kama siku ile alimwona mtu akisogelea kitanda cha pili. Mzee alisema hakuona mtu. Alisema yeye alikuwa amejiandaa tu.

Kobe aliaga. Alifika kwenye ngazi, akashuka hatua chache, akasimama. Watu walimpita huku na huku. Mtu anayetaka kurudi nyumbani hufunga mizigo. Mzee yule hakusema amefunga mizigo. Alisema amejiandaa.

Halafu likaja lile la pili. Alikuwa amemuuliza mtaalamu nani angeweza kuandika. Mtaalamu hakumjibu swali hilo. Alimjibu sera inasema nini.

"Koplo," alisema kwenye simu, "chumba cha zamani. Kompyuta bado inawaka?"

"Hatukuzima kitu, Afande. Niko hapa mlangoni."

"Usiruhusu mtu aiguse. Nakuja."

Alipanda ngazi kwa kukimbia, na baadaye Koplo aliwasimulia kituo kizima kwamba ameyaona kwa macho yake.

Walimwita nesi mkuu wa wodi awe shahidi, pamoja na mpiga picha wa polisi. Vitanda vilikuwa vitupu. Pampu mbili zilikuwa pale pale zilipoachwa. Kobe aliagiza mabomba yote mawili yajazwe maji matupu, na chini ya kila mrija iwekwe bilauri.

"Sasa, mama," alimwambia nesi mkuu, "wewe uko kwenye kundi la manesi. Iambie kompyuta iharakishe pampu ya kwanza."

Nesi mkuu aliandika, akabonyeza. Wote wakaelekea kitanda cha kwanza, wakainamia bilauri. Bilauri ilikuwa kavu.

Nyuma yao maji yalikuwa yanadondoka. Kwenye kitanda cha pili.

Koplo alishika mdomo. Yule Sista ambaye kila mtu alimgunia alikuwa amesema kweli neno kwa neno. Kompyuta ilikuwa imechanganya vitanda, na tangu siku ile hakuna aliyeizima ili ijisahihishe.

Kobe hakufurahi. Alikaa pembeni ya kitanda, akashika tama. Siku zote hizo walimtafuta mtu aliyemchukia fundi cherehani, na hakupatikana kwa sababu hakuwepo. Amri iliyomuua haikuandikwa kwa ajili yake. Iliandikwa kwa ajili ya kitanda cha kwanza. Na kwenye kitanda cha kwanza alilala mtu ambaye hakuwa na adui. Alikuwa na mtoto mmoja tu, anayempenda.

"Afande, twende tukamkamate," alisema Koplo, taratibu kuliko desturi yake.

"Twende," alisema Kobe, akabaki amekaa kidogo.

Mtaalamu alikuwa ofisini, mbele ya kioo cha kompyuta ambacho hakuwa anakitazama. Kobe alivuta kiti. Koplo alimsomea onyo: si lazima aseme lolote, na atakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa ushahidi. Kijana aliitikia kwamba ameelewa.

"Pampu ya kwanza ni ipi?" aliuliza Kobe.

"Ya kitanda cha kwanza."

"Nani anaipa jina hilo?"

"Mfumo wenyewe. Kompyuta inapowaka, inaziita pampu. Itakayoitika mbele inaitwa ya kwanza. Inayofuata, ya pili."

"Na siku zote iliyoitika mbele ni ya kitanda cha kwanza."

"Siku zote."

"Mpaka siku ambayo umeme ulikatika."

Feni zilinung'unika.

"Tumejaribu leo," Kobe aliendelea. "Tumeamuru ya kwanza. Maji yameangukia kitanda cha fundi."

"Ilitakiwa nizifunge pampu kwa namba za kiwandani," kijana alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejikosoa kazini. "Kila pampu ina namba yake imechongwa tumboni, haibadiliki. Sera nzuri inakitambua kifaa kwa namba hiyo, haikitambui kwa zamu ya kuamka. Nilijua. Nilisema nitarekebisha. Zilikuwa zinaamka vizuri kila siku, nikaona hazitakuja kubadilika."

"Ulifikaje ndani? Ulisema umejifungia nje."

"Mimi ndiye ninayeandika majina ya makundi. Nilijiweka kwenye kundi la manesi. Nikaandika amri. Nikajitoa."

"Mara ngapi?"

"Mara moja, Afande. Mara hiyo tu."

"Kwa nini?"

Alivua miwani, na safari hii hakuifuta. Alieleza bila kuulizwa tena. Baba yake alimlea peke yake, kwa kubeba zege na kupanda majukwaa, na hakuwahi kumwomba kitu. Sasa alikuwa anaomba kitu kimoja, asubuhi na jioni, kwa sauti ndogo ili manesi wasisikie. Kijana alikwenda kwa madaktari. Walimwambia dawa wanayotoa ndiyo mwisho wa uwezo wao, na walisema kweli. Alikwenda kwa ndugu, wakamwambia avumilie. Alivumilia, lakini aliyekuwa anaumia hakuwa yeye.

"Anasema nipe ruhusa, mwanangu. Mimi nagawa ruhusa kila siku, Afande. Nampa karani, nampa mfagizi aingie stoo. Baba yangu ananiomba ruhusa moja, namnyima. Nikamwahidi. Alasiri ile, mara tu baada ya kuandika, nikapanda juu nikamshike mkono. Nikamkuta anapumua. Nikasema amri haikufika. Halafu pampu ya upande wa pili ikaanza kulia."

"Ukajua."

"Nilijua pale pale. Halafu mlipomkamata Sista nikajiambia labda ni yeye kweli. Labda wamekosana. Nilitaka awe yeye." Akafunika uso. "Yule fundi alikuwa anamsimulia baba yangu vichekesho, Afande. Alisema akitoka atamshonea kanzu."

Koplo aliacha kuandika. Kobe alikisogeza kiti chake karibu.

"Ungeacha Sista afungwe?" aliuliza.

"Ningesema Jumatatu."

"Kweli?"

"Sijui," alisema kijana. "Ningekuja kituoni leo, jioni nani angemgeuza baba?"

Walimfunga pingu mbele, si nyuma, na hilo ndilo jambo pekee ambalo Kobe aliweza kumfanyia.

Jumamosi Sista aliachiwa. Kobe alimwomba radhi mbele ya Koplo, na Sista alimsikiliza mpaka mwisho, mtoto begani. Kisha alisema amesamehe polisi, kwa kuwa polisi walikuwa hawamjui. Bwana Ruhusa alimjua. Walikuwa wakinywa chai pamoja. Akasema kwamba wodini atarudi siku moja, Mungu akipenda, lakini kile chumba cha mzee wasimpangie.

Mjane alipokea habari akiwa amesimama kando ya cherehani. Kobe alimweleza taratibu, akaacha mambo ya mafaili, akasema tu kwamba dawa ilikuwa ya mtu mwingine na ilimfikia mume wake kwa makosa. Hakuna aliyemchukia. Hakumkosea mtu.

"Hata kidogo?" aliuliza mjane.

"Hata kidogo, mama."

"Afadhali angekuwa amemkosea mtu," alisema. Akaanza kukunja ile suruali iliyoshonwa nusu, akaikunja ndogo sana.

Jioni Kobe alijikuta hospitalini, bila kazi ya kumpeleka huko. Nesi wa zamu alikuwa mmoja, anakimbia huku na huku, wagonjwa wengi. Mzee mwashi alikuwa amelalia ubavu ule ule aliolazwa asubuhi. Kobe alivua koti. Aliuliza ashike wapi, mzee akamwelekeza kwa macho, begani na nyongani, pole pole. Alikuwa mwepesi. Hata hivyo aliumia, na akauma meno asipige kelele mbele ya mgeni.

Alipotulia alimtazama Kobe.

"Wewe ni wa kule anakofanya kazi kijana wangu?"

Kobe alifungua mdomo amwambie kweli. Kweli ilikuwa kwamba kijana yuko mahabusu, kwamba hatatoka leo wala mwaka huu, na kwamba kile alichoahidi hakiwezi tena kuletwa na mtu yeyote.

"Ndiyo, mzee," alisema.

"Ana kazi nyingi?"

"Nyingi."

Mzee aliitikia kwa kufumba macho. Aliridhika na jibu, kwa kuwa alimlea mtoto mchapakazi.

"Basi mwambie asichelewe," alisema. "Mimi niko tayari."